Vyuo vya kijeshi Marekani: Jinsi ya kupima nafasi ya mwanao

ALAMA za juu darasani ni silaha ya kwanza, lakini si ya pekee, kwa kijana anayetaka kuwa kadeti katika vyuo vya kijeshi vya Marekani. Kila mwaka wapo waliong'aa katika mitihani wanaofungiwa mlango, huku wenzao waliokuwa nyuma yao kimasomo wakipokewa.

Kwa familia za Wakenya waishio Marekani, suala hili lina uzito wake. Masomo ni ya miaka minne bila karo, katika vyuo vingi kadeti hulipwa kila mwezi, na akihitimu hupata shahada pamoja na cheo cha ofisa. Naye kwa kawaida hudaiwa angalau miaka mitano ya utumishi jeshini. Mzazi anayemshauri mwanawe hana budi kuupima uwezekano huo mapema, kabla kijana hajayapa kisogo maombi ya vyuo vingine.

Vyuo vyenyewe ni vitano. Kikongwe ni West Point cha jeshi la nchi kavu, jimboni New York, kilichoanzishwa mwaka 1802. Chuo cha Wanamaji kilianzishwa Annapolis, Maryland, mwaka 1845, nacho cha Wanahewa, kilichoidhinishwa kisheria mwaka 1954, kiko karibu na Colorado Springs. Vingine ni cha Walinzi wa Pwani mjini New London, Connecticut, na cha mabaharia wa meli za biashara huko Kings Point, New York.

Uraia

Swali la kwanza ni la uraia. Ni sharti mwombaji awe raia wa Marekani, awe wa kuzaliwa au wa kuandikishwa. Grinikadi haitoshi. Awe na umri usiopungua miaka 17 na usiozidi kikomo kilichowekwa na sheria, na asiwe na mke wala mume.

Raia wa kigeni wana njia yao finyu. Sheria ya Marekani huruhusu kila kimoja cha vyuo vitatu vikuu kuwa na wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, kutoka ulimwengu mzima. Hao hupendekezwa na serikali za nchi zao, na wakihitimu hurejea kuyatumikia majeshi ya kwao. Kijana aliye Kenya hawezi kuipata nafasi hiyo kwa juhudi zake binafsi, wala hakuna wakala awezaye kumuuzia.

Uteuzi

Swali la pili ndilo huwashangaza wazazi wengi: kijana anaishi wapi? Isipokuwa chuo cha Walinzi wa Pwani, vyuo hivi havimpokei mwombaji asiyeteuliwa na mtu mwenye mamlaka hayo kisheria. Kwa wengi, mtu huyo ni mbunge wa eneo lao au mmoja wa maseneta wawili wa jimbo lao. Makamu wa Rais pia ana nafasi chache. Watoto wa wanajeshi wa muda mrefu wana nafasi zao kupitia kwa Rais, na watoto wa wanajeshi waliofia kazini wana fungu lao pia.

Katika vyuo vya West Point, Annapolis na Colorado Springs, kila mbunge na kila seneta huruhusiwa kuwa na kadeti watano tu kwa wakati mmoja katika kila chuo. Mmoja anapohitimu au kuondoka, pengo hutokea, na mwanasiasa huyo huwasilisha majina kadha ili mmoja alijaze. Baadhi yao humtaja wamtakaye zaidi, na wengine huwasilisha orodha wakakiachia chuo kazi ya kuchagua.

Matokeo yake ni kwamba ushindani mkubwa haumo katika taifa zima, bali katika eneo bunge. Kijana anayeishi viungani mwa Washington, ambako familia za wanajeshi na watumishi wa serikali ni tele, huenda akazidiwa na jirani zake. Kijana mwenye sifa zile zile katika wilaya ya mashambani yenye waombaji wachache huweza kupita. Waliofuzu lakini wakakosa nafasi za nyumbani huingizwa katika orodha ya kitaifa, ambamo baadhi yao huchukuliwa kwa kufuata ubora wao.

Uteuzi huo si hisani ya kisiasa. Ofisi nyingi huwa na kamati za kuwahoji vijana, na mzazi hahitaji kumjua mbunge. Anachohitaji ni kuomba kwa wakati, kwa kuwa kazi hiyo huanza zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku ya kuripoti chuoni. Ni busara kuomba kwa mbunge na kwa maseneta wote wawili.

Alama, uongozi na mwili

Swali la tatu ni la sifa zenyewe. Kwa miaka mingi West Point imempima mwombaji kwa mizani inayojulikana: asilimia 60 masomo, asilimia 30 uongozi na asilimia 10 uwezo wa mwili. Masomo ni pamoja na matokeo ya mtihani wa SAT au ACT na nafasi ya kijana miongoni mwa wenzake shuleni. Nahodha wa timu au kiongozi wa wanafunzi hupata alama za uongozi ambazo msomaji wa vitabu pekee hazipati.

Jaribio la mwili huhusisha mbio za maili moja, kujivuta juu kwenye chuma na kurusha mpira wa vikapu mtu akiwa amepiga magoti. Kisha kuna uchunguzi wa afya, ambao huwaangusha wengi wasiotarajia. Pumu iliyojitokeza baada ya umri wa miaka 13, kwa mfano, ni kizuizi, ingawa chuo kinaweza kuomba kizuizi hicho kiondolewe.

Suala la asili ya mtu halina nafasi tena. Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku kigezo cha rangi katika vyuo vikuu mnamo Juni 2023, haikuamua kuhusu vyuo vya kijeshi. Mnamo 2025 Wizara ya Ulinzi iliviamuru navyo vizingatie sifa pekee.

Kusoma takwimu

Kosa la kawaida ni kugawanya idadi ya wanaopokewa kwa idadi ya wanaoomba. West Point hupokea takriban vijana 1,200 kwa mwaka, huku faili zinazofunguliwa zikizidi 10,000. Hesabu hiyo huonyesha nafasi ya takriban mtu mmoja kati ya kumi, lakini wengi wa waombaji hao hawamalizi hata kujaza fomu. Wanaoteuliwa ni kama 4,000, na waliofuzu kila kigezo ni kama 2,000. Aliyefika hapo basi ana nafasi inayozidi nusu, ingawa eneo lake bado linaweza kumwinua au kumwangusha.

Anayekosa anaweza kuomba tena mwaka unaofuata. Wengine hupelekwa kwanza katika shule za matayarisho za vyuo hivyo kwa mwaka mmoja.

Uamuzi wa familia

Limebaki jambo moja ambalo familia za Kenya hazina budi kulipima. Katiba ya 2010 humruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini Kifungu cha 78 kinamkataza mwanajeshi wa Kenya kuwa nao, isipokuwa aliyepewa uraia wa pili na sheria ya nchi nyingine bila uwezo wa kuukataa.

Hivyo, kijana anayeapa kuwa raia wa Marekani ili aingie West Point anajifungia mlango wa chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, labda aukane uraia huo baadaye. Swali la jeshi gani anataka kulitumikia linafaa kujibiwa nyumbani kabla ya kuulizwa na kamati ya mbunge.