Kiyoyozi dukani: Usalama na faida viko kwenye mashine ya nje

UKIPITA mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na kuinua macho, utaona mashine za viyoyozi zimening'inia ukutani, ghorofa hadi ghorofa. Nyingine zimefungwa vizuri. Nyingine zimekaa juu ya vyuma vilivyoliwa na kutu, nyaya zake zimeungwaungwa kwa selotepu, na chini yake wateja wanapita na wamachinga wamepanga bidhaa.

Siku hizi kiyoyozi si kitu cha benki na hoteli tu. Kimeingia kwenye maduka ya dawa, saluni, vituo vya kuchapa na kutoa nakala, maduka ya pembejeo na hata kwenye vyumba vya kuhifadhia mboga. Kwa mwenye duka la dawa za binadamu au za mifugo, kiyoyozi si anasa. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 25 au 30 za Sentigredi, na mchana wa Februari katika mji wa pwani duka lililoezekwa bati huvuka kiwango hicho kwa urahisi. (Chanjo ni suala jingine. Nyingi huhitaji nyuzi 2 hadi 8, na hiyo ni kazi ya friji, si ya kiyoyozi.)

Tatizo ni kwamba mfanyabiashara anaponunua kiyoyozi huangalia zaidi kile kipande cha ndani chenye taa na rimoti. Kipande cha nje humwachia fundi akiweke popote. Hapo ndipo hasara inapoanzia, na wakati mwingine hatari.

Joto linakwenda wapi?

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililomo ndani na kulitupa nje. Kipande cha ndani kina feni na mabomba tu, lakini kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mashine na sehemu yake ya gharama kubwa, iko nje.

Chukua kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho mafundi wengi hukiita cha nguvu farasi moja na nusu. Kinaondoa ndani joto la karibu kilowati 3.5 na chenyewe kinatumia umeme wa kilowati moja hivi. Vyote viwili hutoka kupitia mashine ya nje. Ni sawa na pasi nne za umeme zilizowashwa kwa pamoja. Kama hewa hiyo ya moto haina pa kwenda, mashine huivuta tena na kuipasha upya. Shinikizo la gesi hupanda, kompresa haipumziki, uniti za LUKU zinakwisha haraka, na mwishowe kompresa inaungua.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza fundi si "bei gani?" bali ni "unaiweka wapi?"

Mahali pa kuiweka

Kila mashine huja na kitabu cha mtengenezaji kinachoonyesha nafasi inayotakiwa kuachwa. Kwa mashine ndogo za dukani, nyingi hutaka sentimita 10 hadi 30 nyuma na si chini ya sentimita 60 mbele, na zaidi ya hapo ni bora. Usikubali mashine iwekwe kwenye kichochoro kilichozibwa, ndani ya stoo au chini ya dari ya ukumbi usiopitisha hewa.

Wengi huzijengea mashine vizimba vya nondo kwa kuogopa wezi wa shaba. Si vibaya, ila nondo ziachane vya kutosha na mlango ufunguke ili fundi aweze kufanya kazi. Kibanda cha bati kilichozibwa pande zote ni jiko la kuipika kompresa. Kama jua ni kali, kipande cha bati kilichoinuliwa juu yake kama mwavuli kinatosha, mradi kisizuie hewa.

Epuka pia maeneo haya:

Karibu na jiko la chipsi. Mafuta na moshi hunasa kwenye mapezi ya aluminiamu, vumbi likafuata, na hewa ikashindwa kupita.

Karibu na mashine ya kusaga au ghala la nafaka. Pumba na vumbi hufanya kazi hiyo hiyo.

Karibu na banda la kuku au zizi. Licha ya manyoya na vumbi, hewa ya amonia inayotoka kwenye kinyesi na mkojo hula shaba. Mfugaji mwenye chumba cha kuhifadhia mayai aiweke mashine upande ambao upepo hautokei bandani.

Karibu na mitungi ya gesi ya kupikia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda chini, na cheche ya swichi inatosha kuiwasha.

Mahali panapojaa maji. Kama ni chini, jenga jukwaa la zege lenye kimo cha kuvuka maji ya mvua kubwa uliyowahi kuyaona hapo. Usiipandishe juu ya bati tupu. Iwe na kitako kilichoshikwa na mbao au vyuma vya kenchi.

Ukuta wako unabeba?

Mashine ya nje ya BTU 9,000 hadi 12,000 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 35 hivi, na za 18,000 hadi 24,000 zinaweza kufika 50. Uzito huo hautulii. Unatikisika saa zote mashine inapofanya kazi, siku baada ya siku, na nati zilizokazwa nusu hulegea zenyewe.

Maduka mengi yamejengwa kwa tofali za saruji zenye matundu au zenye mchanga mwingi. Bolti ya kawaida iliyogongwa kwenye tofali la namna hiyo hushika leo na kuchomoka mwakani. Kwa ukuta dhaifu, toboa hadi upande wa pili, pitisha bolti ndefu na uweke bamba la chuma ndani kabla ya kukaza nati. Ukuta wa udongo usibebeshwe kabisa. Iweke mashine chini kwenye zege.

Vyuma vya kubebea viwe vile vilivyopakwa zinki, vyenye uwezo wa kubeba mara kadhaa ya uzito wa mashine. Weka raba kati ya miguu ya mashine na chuma ili kupunguza mtikisiko na kelele kwa jirani. Kwa walio Tanga, Zanzibar, Mombasa, Lindi na miji mingine ya pwani, chumvi ya bahari haina huruma. Kagua vyuma kila mwaka, na chuma kilichoanza kutoa magamba kibadilishwe, kisipakwe rangi tu. Mashine ikianguka kutoka ghorofani juu ya mpita njia, hakuna bei ya vyuma itakayokuwa ghali tena.

Na yule anayepanda kuifunga je? Kwa kazi ya juu wawepo watu wawili, ngazi ishikwe, fundi afungwe kamba ya usalama, na njia ya chini izibwe hadi kazi iishe. Fundi asiyejali uhai wake hatajali wa wateja wako.

Umeme: hapa usibane matumizi

Kiyoyozi hakichomekwi kwenye ekstensheni pamoja na friji na televisheni. Kompresa huvuta umeme mwingi kwa muda mrefu. Waya mwembamba hupata moto taratibu, plastiki yake inalainika, na usiku mmoja duka linaungua.

Kiyoyozi kiwe na njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la kugawia umeme, na sakiti breka yake yenye ukubwa uliotajwa na mtengenezaji. Kwa mashine ya BTU 12,000 waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ndio wa kawaida. Mashine kubwa au waya mrefu huhitaji mnene zaidi. Karibu na mashine ya nje pawe na swichi isiyoingia maji, ili anayeifanyia kazi akate umeme akiwa palepale.

Waya wa ethi si pambo. Mashine ina mwili wa chuma, iko nje, inanyeshewa, na watoto huigusa. Bila ethi, waya ukichubuka ndani mwili wote unakuwa na umeme. Hakikisha ethi ya jengo inafanya kazi kweli, na uongeze kifaa kinachokata umeme unapovuja.

Kwa sababu umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, weka kifaa cha kulinda mashine ambacho wengi hukiita gadi. Chagua kinachosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kurudisha umeme. Kompresa inapozimika ghafla gesi huwa bado ina shinikizo, na kuilazimisha iwake papo hapo ni kuiumiza.

Kwa Tanzania, mafundi wa kuweka nyaya za umeme hupewa leseni na EWURA kwa madaraja. Usione aibu kuomba kuiona. Vyuo vya VETA navyo hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, kwa hiyo cheti si kitu cha ajabu kukiuliza.

Gesi zimebadilika, na hatari pia

Fundi aliyejifunza miaka ya nyuma alizoea gesi ya R22. Gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Kwa nchi zinazoendelea, kundi la gesi hizo lilitakiwa liwe limepunguzwa kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na kwa asilimia 97.5 kufikia 2030. Anayekuuzia leo mashine iliyotumika ya R22 kwa bei ya kutupa anakuuzia pia tabu ya kutafuta gesi kesho.

Mashine za sasa hutumia zaidi R410A au R32. R410A ina shinikizo kubwa kuliko R22 kwa karibu mara moja na nusu, hivyo geji na mipira ya zamani haifai. R32 nayo hushika moto, ingawa si kwa wepesi kama gesi ya kupikia. Ipo pia R290, ambayo ni propani, ndugu wa gesi iliyomo kwenye mtungi wako wa jikoni. Soma kibandiko kwenye mashine ya nje, na usikubali gesi nyingine itiwe humo. Wakati wa kazi hii pasiwe na sigara, jiko la mkaa wala mchomeleaji karibu.

Kuna makosa matatu ya fundi ambayo mwenye duka anaweza kuyaona kwa macho yake.

La kwanza ni kupima uvujaji kwa oksijeni. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Kinachotakiwa ni naitrojeni, kisha povu la sabuni kwenye maungio. Ukiona mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji unaunganishwa kwenye kiyoyozi chako, simamisha kazi.

La pili ni kuruka pampu ya vakyumu. Kabla ya kufungulia gesi, hewa na unyevu vyote vilivyomo kwenye mabomba hutakiwa vinyonywe. Kazi hiyo huchukua dakika 15 hadi 30 au zaidi, kisha pampu hufungwa na sindano ya geji hutazamwa kama inatulia. Fundi anayefungua gesi kidogo "kufukuza hewa" anaacha unyevu ndani, na unyevu huo utakula kompresa polepole.

La tatu hutokea mashine inapohamishwa. Fundi hurudisha gesi kwenye mashine ya nje huku kompresa ikizunguka. Kama bomba limelegea au limeshafunguliwa, kompresa huvuta hewa badala ya gesi, na mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye joto hilo unaweza kuipasua kama bomu. Kompresa izimwe kwanza, ndipo mabomba yafunguliwe.

Kabla ya kulipa salio

Usimlipe fundi fedha zote siku ya kwanza. Bakiza sehemu, na kabla ya kuitoa hakikisha haya: mashine haitikisiki ukiisukuma kwa mkono, maji ya kipande cha ndani yanatoka bila kumwagikia jirani, mpita njia wala nyaya, breka na swichi ya nje vinakata umeme kweli, na baada ya nusu saa ya kazi, hewa inayotoka ndani ina ubaridi wa nyuzi 8 hadi 12 chini ya ile inayoingia. Kipimajoto cha kawaida kinatosha.

Kama umepanga fremu, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa ukuta, na mkubaliane vyuma vitakuwa vya nani ukihama. Tunza risiti na kadi ya dhamana. Watengenezaji wengi hukataa kulipa kama mashine ilifungwa na asiye na sifa.

Baada ya hapo, ikate umeme na uisafishe mapezi yake kwa maji yasiyo na nguvu nyingi kila baada ya miezi michache, na mara nyingi zaidi kama uko kwenye vumbi.

Tofauti kati ya fundi wa bei ya chee na fundi kamili inaweza kuonekana kubwa siku unayolipa. Iweke kwenye mizani pamoja na bei ya kompresa, shehena ya dawa iliyoharibika kwa joto, au duka lililoungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kiyoyozi, ufa huo huanzia kwenye bolti nne za nje.