Kikulacho Kimo Gurudumuni

Gari kuukuu likipita mtaani na rangi yake inang'aa, watu husimama kulitazama. Ni wachache wanaoinama kuchungulia nyuma ya magurudumu ya mbele, na huko ndiko iliko salama ya dereva na abiria wake.

Mimi ninalo gari la Morris Minor. Gari hili lilibuniwa na Alec Issigonis, likatoka mwaka 1948, na likawa gari la kwanza la Kiingereza kutimiza idadi ya milioni moja. Usukani wake ni mwepesi hata leo. Lakini kila gurudumu la mbele limeshikwa na nguzo ya chuma iliyosimama wima, yenye meno ya skrubu juu na chini. Kila ncha imeingia ndani ya kipande mfano wa nati, kiitwacho tranioni. Ukikata kona, nguzo huzunguka humo. Grisi ikikosekana, vumbi na maji huingia, meno yakasagika taratibu. Yakiisha, nguzo huchomoka, gurudumu likalala, na gari likainamisha pua barabarani.

Mwaka huu nililipandisha langu kwa jeki, nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Likacheza. Mwanangu akakanyaga breki, nami nikatikisa tena. Lau lingalitulia, ningalijua ni beringi. Halikutulia, basi ni meno.

Fundi wangu hana papara. Kwanza aliweka jeki chini ya mkono wa chini unaobeba gurudumu, kwani springi ya Minor ni fimbo ndefu ya chuma iliyosokotwa, na nguvu yake ikiachiwa ghafla huvunja mfupa. Kisha akafungua breki na ncha ya usukani, akaitoa nguzo. Meno ya chini yalikuwa membamba kama wembe. Tuliweka nguzo mpya pamoja na tranioni zake, maana chuma kipya ndani ya kilichochakaa hakidumu. Ya kulia haiingii kushoto, kwa kuwa meno yake yamepinda upande mwingine. Mwisho magurudumu yakapimwa alaimenti.

Sasa natia grisi kila maili 1,000, hadi ile chafu itoke na safi ionekane. Nawe mwenye gari la kale, kabla ya kununua rangi, nunua grisi. Aliyepanda garini mwako ni amana.