Mlima Hupandwa kwa Mwendo wa Mnyonge

Watu wa Kasongo na Kabambare hawana haja ya kufundishwa na mgeni maana ya kwenda kwa miguu na mzigo, kwa kuwa miji yao yenyewe ilikuzwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Mtowa, kisha ikapanda Kabambare kuelekea Kasongo na Nyangwe, katika zama za Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, na wafanya biashara wenziwe. Lakini kutembea kwa hiari, shanta mgongoni, pamoja na masahibu wawili watatu, bila pembe za kuuza wala tajiri wa kumtumikia, kwa haja moja tu ya kufika ukingoni mwa mlima na kuutazama moto wa ardhi kwa macho, ni jambo ambalo wazee wetu wangalilistaajabia. Na kwa kuwa wako vijana wa Maniema waliosoma Goma na Bukavu ambao wamelionja au wanalitamani, yafaa tulieleze kwa utaratibu: milima hiyo ni ipi, baridi yake yatoka wapi, hatari zake ni zipi, na ni adabu gani impasayo mtu anayetaka kuipanda na kurejea salama kwa jamaa zake.

Kaskazini ya ziwa Kivu, pale ambapo Kongo, Rwanda na Uganda zinakutana, imepangana milima minane ya volkano iitwayo Virunga. Sita imelala, miwili iliyobaki, Nyamulagira wenye mita 3,058 na Nyiragongo wenye mita 3,470, ambayo yote miwili imo ndani ya Kongo, ingali hai, na ni miongoni mwa milima ya moto yenye harakati nyingi kabisa katika Afrika. Mrefu kuliko yote ni Karisimbi, mita 4,507, mlima uliolala mpakani mwa Kongo na Rwanda. Msomaji wa Kasongo, aliyezoea hari ya nchi iliyo chini ya mita 1,000, huenda akauliza ni vipi theluji ianguke karibu na ikweta, tena juu ya ardhi yenye moto ndani. Jawabu ni kwamba moto wa mlima hutoka chini na baridi yake hutokana na urefu, wala kimoja hakimzuii mwenziwe: kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa takriban digrii 6, hata aliyeondoka Goma mchana wa jua, kwenye mita 1,500 hivi, huukuta usiku wa ukingoni mwa Nyiragongo ukikaribia sufuri na mvua ya mawe ikimpiga usoni; na Karisimbi, asubuhi nyingine, huamka umevaa kilemba cheupe ambacho jua likipanda hukivua.

Ama moto wenyewe, asili yake ni kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, ambako nchi ya mashariki na ya magharibi zinaachana polepole mno na kuacha nafasi ya miamba iliyoyeyuka kupanda juu. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kupita desturi, kwa kuwa ina silika kidogo, na kwa sababu hiyo hukimbia mteremkoni kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwa miaka mingi ilikusanyika ikawa ziwa la moto ndani ya shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, nalo ndilo lililomvuta mtaalamu Haroun Tazieff kuja kulichunguza mwaka 1948, kisha likawavuta wageni wengi baada yake. Lakini mlima huu una tabia ambayo kila mpandaji hana budi kuijua: mara nyingi haumwagi moto wake kwa mdomo, bali hupasuka ubavuni. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu zake zilipasuka, na ziwa zima likamwagika kwa muda usiotimia saa moja, likawaua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 mpasuko ulishuka hadi karibu na Goma, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, ulipasuka tena pasipo ishara bayana za kutangulia, ijapokuwa Goma pana kituo cha kuichunguza milima hii tangu 1986. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuwa juu akitazama shimo kwa utulivu, hali moto umekwisha kuifunga njia yake ya kurudi.

Kabla ya mlipuko huo wa 2021, safari ya Nyiragongo ilianzia Kibati, kwenye mita zipatazo 2,000, ambako kundi lilikabidhiwa kwa walinzi wa Hifadhi ya Virunga wenye bunduki, na kila atakaye akakodi mpagazi na kuchukua fimbo. Njia huanza kwa upole katika msitu wenye udongo wa unyevu, kisha msitu hukoma ghafula na mtu hujikuta juu ya mawe ya lava ya 2002, meusi, mepesi, yenye matundu na makali, ambayo hubiringika chini ya kiatu hata kila hatua mbili za kwenda mbele humrudisha moja nyuma. Baada ya kuipita Shaheru, kreta ya zamani iliyo ubavuni, miti hupungua kimo na hewa hubadilika; na hapo mtu akikaa kupumzika, shati lake lililolowa jasho humgeukia likawa baridi kabla hajamaliza kunywa maji. Mteremko wa mwisho ni mwamba mtupu, mkali, unaofikisha kwenye vibanda vidogo vilivyojengwa ukingoni. Safari nzima ilichukua saa nne hadi sita. Na usiku ukiingia, mvuke wa shimoni huwa mwekundu, harufu ya kiberiti hujaa puani, na mtu huota moto wa makaa kwa mikono huku mgongo wake ukitetemeka.

Katika vibanda hivyo ndipo hujulikana nani alikuja na nguo na nani alikuja na matumaini. Milima hii ina kumbukumbu ya msiba ambao haufai kusahauliwa. Mwaka 1908 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulikuwa ukiichunguza Virunga, na mtaalamu wake wa miamba, Egon Kirschstein, alikuwa Karisimbi pamoja na wapagazi wake, pale tufani ya mvua ya mawe na theluji ilipowakuta katika kreta ya Branca, mahali penye tope na maji. Wapagazi, watu wa nchi za joto, wenye nguo chache na mizigo mizito, walikata tamaa, wakakaa chini wasitake kuinuka. Na watu wapatao 20 walikufa kwa baridi, karibu na ikweta, juu ya mlima wa volkano. Kiongozi wao alirejea. Waliombebea hawakurejea wote. Wala sisi wa njia ya Kabambare tusijitoe katika lawama hiyo, kwani misafara ya pembe na ya watumwa iliyopita kwetu ilikuwa na desturi iyo hiyo, ya kumwacha kando ya njia asiyeweza kwenda.

Atakaye kuona barafu ya kudumu juu ya volkano, hana budi kuelekea Tanzania, kwenye kilele cha Kibo cha mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Moto wake umelala, lakini katika kreta iitwayo Reusch ingali ikitoka hewa yenye salfa, ithibati kwamba kulala si kufa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwezi Oktoba 1889, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hukumbukwa kuwa kiongozi wao mlimani. Tangu 1912 hadi karne hii sehemu ipatayo asilimia 85 ya barafu waliyoikuta watu wa zama hizo imetoweka. Juu huko kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni aipatayo mtu wa pwani, na ndiyo sababu viongozi wa Kilimanjaro hawachoki kusema "pole pole", na wanaopita njia ya Marangu hushauriwa kukaa siku ya ziada Horombo, ili mwili uzoee, kabla ya kuendelea Kibo. Jambo jingine la kuigwa ni sheria: mpagazi wa Kilimanjaro hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20, wakati ambapo mpagazi wa misafara ya kale alibebeshwa frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, kwa miezi kadhaa.

Sasa, marafiki watakao kwenda pamoja na wafanye shauri kabla ya kufunga mizigo. La kwanza ni kumchagua kirangozi, yaani kiongozi wa njia, kama ilivyokuwa desturi ya misafara, na kukubaliana mapema kwamba neno lake la kurudi halina rufaa. Kwani mlimani, mtu mwenye kichwa kinachomwanga, kichefuchefu na miguu inayoyumba, aghalabu ndiye anayeapa kwamba hana neno, na dawa yake ya yakini ni moja, kuteremshwa chini mara moja akisindikizwa. La pili, aliye dhaifu afuate mara nyuma ya kirangozi, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wa wote, na mwenye nguvu afunge mkia, asimwache mtu. La tatu, shanta lisizidi robo ya uzito wa mwenyewe, na ndani yake mwe na fulana ya sufu, koti la mvua, kofia, soksi kavu za usiku, taa, maji na chakula kisichohitaji kupikwa. Nguo ya pamba, ipendwayo kwetu kwa hari, ikilowa huko juu hunyonya joto la mwili badala ya kulihifadhi. La nne ni miguu. David Livingstone, aliyevuka nusu ya bara hili, alifungiwa Kabambare kwa miezi mwaka 1870 na vidonda vya miguu. Kiatu kipya, basi, kivaliwe nyumbani majuma kadhaa kabla ya safari. La tano, mtu asikae wala kulala katika mashimo na mabonde madogo ya nchi ya lava, kwa kuwa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo wenyeji wa Goma huiita mazuku, ni nzito, haina rangi wala harufu, hutuama penye bonde na kuua mtu na mnyama kimya kimya.

Yote haya ni elimu ya kuwekwa akiba, kwa maana njia ya Kibati leo si mahali pa matembezi. Mwezi Mei 2018 wageni wawili wa Uingereza walitekwa ndani ya Hifadhi ya Virunga na mlinzi mwanamke aliyekuwa nao akauawa, hata hifadhi ikafungwa kwa wageni mpaka Februari 2019. Mlipuko wa 2021 ukazisimamisha safari za Nyiragongo. Na Januari 2025 mji wa Goma wenyewe ukatwaliwa na waasi wa M23. Kijana wa Kasongo anayeutamani mlima na asubiri amani, kisha asipande ila kwa idhini ya wenye hifadhi na baada ya kuuliza kituo cha Goma hali ya mlima ikoje. Na siku hiyo itakapofika, amlipe mpagazi haki yake, ahakikishe kwamba naye ana koti, na asiwapelekee nyumbani habari za ushindi mpaka wote aliopanda nao wamefika chini wazima.