Je, Wajua? Sikukuu na watoto wa Chokocho

Je, wajua kwamba Idi el-Fitri haiangukii maji mafu hata mara moja? Sikukuu hii huja mwezi mosi, na mwezi ukiwa mchanga bahari huwa katika bamvua. Chokocho, kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani, ndiko wanakopandia vyombo watu wa Kisiwa Panza, na huko jambo hili lina uzito wake. Maji ya bamvua hutoka mbali, yakakauka baina ya saa nne na saa sita mchana, kisha yakajaa tena alasiri, saa kumi na kuendelea. Saa hizo hujirudia kila bamvua. Basi mama mwenye watoto watatu anayetaka kuwavusha kwenda kwa bibi yao sikukuu mosi anaijua saa ya kuondoka tangu mwaka kabla, ingawa tarehe yenyewe haijui mpaka mwezi uandame.

Idi el-Haji ni kinyume chake. Huwa mwezi kumi, siku ambazo bahari imelala: maji hayatoki sana wala hayajai sana. Chombo hupata maji ya kuelea karibu saa yoyote, na wazee wasioweza kukanyaga tope huona nafuu.

Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huwa Machi na Septemba, siku zinazokaribiana na usiku na mchana kulingana. Idi el-Fitri za 2025 na 2026 zimeangukia Machi. Katika bamvua kama hizo tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa hukaribia mita 4.

Je, wajua kwamba bamvua hiyo hiyo ndiyo siku za kazi za kina mama wa pwani? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, kisha kikaenea Pemba. Kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna hufanyika maji yakiwa yametoka. Pweza naye hutafutwa kwenye miamba wakati huo huo, na Kisiwa Panza ni miongoni mwa vijiji vilivyowahi kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Kwa hiyo mkulima wa mwani anayekaa nyumbani siku nne za sikukuu anaziacha siku nne nzuri za kipato. Nguo mpya ya mtoto huonekana na kila mtu, lakini siku hizo za kazi hakuna anayezihesabu. Nadhani zinastahili kuhesabiwa.

Waswahili huihesabu miezi kuanzia Idi. Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulhija ni Mfunguo Tatu, Maulidi ya Mtume ni Mfunguo Sita, mpaka Mfunguo Tisa. Baada yake ni Rajabu, Shaabani na Ramadhani, kisha hesabu huanza upya. Kwa mtoto aliyekulia Pemba, mwaka huanza siku alipokula vizuri na kuvaa vizuri.

Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Ndiyo sababu kila sikukuu hurudi nyuma takriban siku 11 kwa kalenda ya kawaida, na huizunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Siku ya Mwaka, maarufu zaidi kule Makunduchi, Unguja, hufuata hesabu ya siku 365, kwa hiyo yenyewe imetulia Julai.

Ofisi ya Mufti wa Zanzibar iliwekwa kisheria mwaka 2001, na usiku wa kuamkia Idi tangazo lake husubiriwa redioni kila nyumba. Hata hivyo Pemba ina familia nyingi zinazofuata mwezi ulioonekana nchi nyingine, na mara kwa mara kijiji kimoja huswali Idi siku mbili. Watu wazima wana hoja zao nzito. Watoto huvaa siku zote mbili.

Je, wajua kwamba mtoto wa Chokocho anayejifunza kufunga anafunga karibu saa zile zile kila mwaka, Ramadhani ije masika au kaskazi? Pemba iko digrii 5 tu kusini mwa ikweta, na baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa tofauti haifiki saa nzima. Mtoto wa ndugu yake aliyehamia London hana bahati hiyo. Huko mwezi wa Juni jua hukaa juu zaidi ya saa 16, na Disemba hazifiki 8. Wadogo wa Pemba huanza kwa nusu ya mchana, wakafuturu adhuhuri, na mwaka unaofuata wakasogea hadi alasiri.

Zaka ya fitri hutolewa kwa kila mtu wa nyumbani, na kichanga hakisamehewi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, mpaka ni kuchwa kwa jua siku ya mwisho ya Ramadhani. Mtoto aliyezaliwa saa kumi na mbili kasorobo, jua bado liko juu, baba yake anamtolea. Akizaliwa baada ya adhana ya magharibi, hatolewi mwaka huo. Kipimo ni pishi moja ya chakula cha mji, yaani vibaba vinne, na Chokocho chakula hicho ni mchele. Nyumba yenye watoto sita, wazazi wawili na bibi mmoja hupima pishi tisa, na watoto ndio hutumwa kuzipeleka kwa jirani mwenye haja. Nauona huo kuwa somo la kwanza la sikukuu, tena linalofundishwa kwa miguu.

Sasa jikoni, maana huko ndiko usiku unakoishia.

Mkate wa kumimina huanza jana yake. Mchele hurowekwa, ukasagwa pamoja na tui zito, hamira na iliki, kisha ukafunikwa mpaka uumuke na kutoa mapovu madogo. Hapo hutiwa sukari na ute wa yai, ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Moto wake ni wa makumbi ya nazi na vifuu, chini kidogo na juu ya mfuniko zaidi. Ukizidisha wa chini, mkate unaungua kitako na katikati unabaki ujiuji. Kazi ya kupepea moto wa juu hupewa mtoto wa miaka saba au minane, ana kipepeo mkononi na macho yanataka kufumba. Mama hauamini mkono wake peke yake. Kila baada ya muda huinua mfuniko kwa kijiti, akainama kunusa. Mkate uliowiva hunukia iliki na kufanya rangi ya kahawia pembeni tu. Mpepeaji hupata kipande cha kwanza, cha ukingoni, kabla mtu yeyote hajaamka kwenda kuswali.

Kula kabla ya swala ni sunna ya Idi el-Fitri, hata tende chache zinatosha. Idi el-Haji ni mpaka urudi.

Je, wajua kwamba bokoboko, chakula kizito cha sikukuu Pemba, ni ndugu wa harisi ya Ghuba? Ni ngano na nyama zilizochemshwa kwa saa nyingi na kupondwa kwa mwiko wa mti mpaka zishikane, juu ikamwagiwa samli. Disemba 2023 UNESCO iliiingiza harisi katika orodha ya urithi wa utamaduni kwa ombi la Falme za Kiarabu, Oman na Saudia. Wazee wa Kipemba walioko Maskati hawakuhitaji kuelezwa. Sahani hiyo waliikuta mezani kwa majirani zao.

Kofia ya viua anayovaa mtoto wa kiume asubuhi hiyo imetobolewa na kuzungushiwa uzi tundu moja moja. Mshonaji anaweza kukaa nayo wiki kadhaa, akaiweka chini na kuiokota baina ya kazi nyingine. Mabinti hupakwa hina na piko usiku, na wadogo kabisa hulala mikono imefungwa vitambaa ili wasiyachafue mashuka.

Sunna nyingine inayowafaa watoto ni ya kwenda kuswali kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Njia mbili ni nyumba mara mbili, na kila nyumba ina mtu wa kuamkiwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, sikukuu njema, njoo." Mkono wa Idi unaofuata si pesa nyingi. Sarafu ya shilingi mia mbili inatosha kununua furaha ya saa nzima, na bibi mwenye wajukuu wengi huanza kuziweka chenji wiki mbili kabla.

Serikali hutoa siku mbili za mapumziko kwa Idi el-Fitri. Zanzibar husherehekea nne: sikukuu mosi, pili, tatu na nne. Siku ya kwanza ni ya swala, jamaa na makaburi ya wazee. Zilizobaki ni za viwanjani. Kwa Pemba kiwanja kikubwa cha kufurahishia watoto ni Tibirinzi, mjini Chake Chake, chenye pembea na michezo ya kuzunguka. Kwa sensa ya 2022 Pemba ilikuwa na watu 543,441, na jioni ya sikukuu pili mtu aliyesimama Tibirinzi huona kama nusu yao wapo hapo wanatafuta mtoto aliyevaa nguo ya kijani. Wanaobaki vijijini wana pembea zao za kamba chini ya mwembe. Hizo hazina foleni, na mimi huzipenda zaidi.

Bahari ya sikukuu ina kumbukumbu yake pia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi el-Fitri, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na familia nyingi zilikuwa safarini baada ya mapumziko ya Idi. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Tangu hapo wapo wazazi Pemba ambao hawapandi chombo kilichojaa hata kama sikukuu itawakuta ugenini, na wako sahihi. Mtoto avalishwe jaketi la kuokolea kabla chombo hakijaondoka, hata kama ni mwendo mfupi wa Chokocho na Kisiwa Panza.

Je, wajua kwamba kimbunga cha 1872 ndicho kilichoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu? Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikanusurika kwa wingi, na hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Msimu mkubwa huwa nusu ya pili ya mwaka. Watu wazima hukwea na kuchuma, watoto huokota zilizoanguka na kukaa kwenye majamvi kuzichambua na vikonyo vyake. Makonyo nayo hayatupwi. Yanapelekwa kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Vidole hunuka karafuu mpaka chuoni jioni, maana asubuhi ni skuli na baada ya chakula cha mchana ni chuo cha Kurani, msimu au si msimu.

Karafuu zikishaanikwa na kuuzwa, mvua za vuli zimepita na kaskazi imeanza kuvuma, hufika zamu ya mchezo wa ng'ombe. Kengeja, jirani na Chokocho, ni moja ya vijiji vinavyojulikana kwa mchezo huo. Inasemwa ulianzia kwa Wareno waliotawala pwani hii. Ng'ombe hauawi. Vijana humchokoza kwa nguo na kumkwepa, wanawake huimba, watoto hukwea miti mpaka matawi yakainama, na jioni ng'ombe hurudishwa zizini kwake akiwa mzima. Upepo huo huo wa kaskazi ndio wa kurushia tiara.

Msimu wa karafuu na sikukuu hukutana mara moja moja tu. Kuanzia 2006 hadi 2012 Idi el-Fitri iliangukia baina ya Agosti na Oktoba, na baba aliyekuwa na mikarafuu alinunua viatu vya watoto bila kukopa. Sasa inakuja masika, karafuu hakuna, bahari ni ya mvua na mpunga bado uko bondeni. Viatu vya Machi hununuliwa kwa pesa zilizofichwa tangu Disemba, au kwa mwani, au kwa ndugu aliyetuma kutoka Unguja.

Mwaka 2000 Idi el-Fitri ilikuja mara mbili, Januari na Disemba. Kwa hesabu za mwezi, itakuwa hivyo tena 2033: ya kwanza mwanzoni mwa Januari, ya pili karibu na Disemba 23. Mtoto wa Chokocho aliyezaliwa 2026 atakuwa na umri wa kupepea mkate, na ile ya pili huenda ikakuta karafuu za mwisho bado ziko majamvini.