Nyayo Zilizogeuka Jiwe

Mama mpendwa, huenda jambo hili limekutokea. Fundi amemaliza kusawazisha sakafu ya baraza, saruji haijakauka, na mara mtoto anapita mbio. Unamkemea, lakini alama imekwisha kubaki. Miaka mingi baadaye mtoto huyo amekuwa kijana mrefu kukupita wewe, na kile kiunyayo kidogo bado kipo pale pale.

Basi, mwanao akikuuliza watu walijuaje kwamba dinosaria waliishi duniani, usimwambie, "Niache, nina kazi." Mwonyeshe baraza.

Mwaka 1802, huko South Hadley, Massachusetts, Marekani, kijana aitwaye Pliny Moody alikuwa akilima shamba la baba yake. Plau ikafunua bamba la jiwe lenye alama za vidole vitatu vitatu, kama za kuku mkubwa. Jiwe hilo likawekwa mlangoni, watu wakawa wanalikanyaga. Wengine walisema ni nyayo za kunguru wa Nuhu.

Mwaka 1835, katika mji wa Greenfield, yakaonekana mawe mengine ya namna hiyo, yaliyoletwa kutandikwa njiani. Daktari James Deane aliyaangalia vizuri, akampelekea habari Edward Hitchcock, mchungaji aliyekuwa akifundisha chuoni Amherst. Hitchcock alizichunguza nyayo hizo mpaka uzee wake, na mkewe Orra, huku akilea watoto, alimchorea picha nyingi za vitabu na masomo yake. Hitchcock alidhani ni nyayo za ndege wakubwa. Leo inajulikana kuwa ni za dinosaria walioishi yapata miaka milioni 200 iliyopita. Hata hivyo hakukosea sana, kwa maana ndege wametokana na jamii ya dinosaria.

Je, unyayo hugeukaje jiwe? Kwanza, mnyama hukanyaga matope kando ya ziwa au mto. Matope yakiwa majimaji mno, shimo hujifunga. Yakiwa makavu mno, hayashiki alama. Yanatakiwa yawe kama udongo wa mfinyanzi, tayari kufinyangwa. Pili, jua huyakausha. Tatu, maji huja polepole na mchanga au tope jipya, yakaifukia alama bila kuifuta. Tabaka huongezeka juu ya tabaka. Uzito hugandamiza, na madini yaliyomo majini huzishikamanisha chembe, kama saruji inavyoshika mchanga. Baada ya miaka mingi sana matope huwa mwamba. Mwisho, mvua na mito hula miamba ya juu, au mtu huchimba, na tabaka zikaachana.

Hapo huonekana vitu viwili: shimo la unyayo, na jiwe lililojaza shimo hilo, mfano wa keki na chombo chake. Mara nyingine alama hupenya mpaka tabaka za chini, kama unavyoandika kwa nguvu katika daftari na maandishi yakaonekana ukurasa wa pili.

Mifupa hutuambia mnyama alivyoumbwa. Nyayo hutuonyesha alivyotembea, kama alikwenda taratibu au alikimbia.

Jumamosi moja, weka udongo laini katika karai, mwache mwanao akanyage, kisha uanikeni juani. Ukikauka, mwagieni mchanga juu yake, halafu mfukueni pamoja. Atauliza maswali mengine. Mjibu unayoyajua, na mengine mtafute wote wawili.