Kituo cha Afya Kinapojipima: Kazi ya Mwezeshaji

Wakulima wa pamba wa Malampaka na wa Simiyu yote wanaijua mizani. Wanajua pia kwamba pamba iliyotiwa maji au mchanga huonyesha uzito ambao si wa pamba. Mwezi huu tunapenda kuongea juu ya mizani ya namna nyingine, ile ambayo wafanyakazi wa zahanati, kituo cha afya au hospitali hujipimia kazi yao wenyewe. Tutaeleza hasa juu ya mtu anayewaongoza katika kujipima, yaani mwezeshaji, na jinsi anavyofundishwa.

KWA NINI JAMBO HILI LINAHUSU FAMILIA?

Tuchukue mfano. Mama amejifungua usiku na damu haikomi. Dawa ya oksitosini, inayousaidia mfuko wa uzazi kujikaza ili damu isimame, ipo. Ilinunuliwa na imeandikwa kwenye leja. Lakini imo ndani ya jokofu la chumba kingine, mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani. Muuguzi wa zamu anakimbia huku na huku. Mama anayetokwa damu nyingi namna hiyo anaweza kufariki katika muda wa saa chache tu.

Hapa elimu haikukosekana, wala fedha. Kilichokosekana ni mpangilio. Oksitosini lazima itunzwe penye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo jokofu si kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa na wenzake na kuuliza: "Usiku wa dharura, dawa hii itatufikia kwa dakika ngapi?"

Upotevu mwingine hauui upesi hivyo, lakini unachosha watu. Mgonjwa anapanga foleni ya kadi, kisha ya daktari, kisha ya maabara, kisha anarudi tena kwa daktari. Faili halionekani, naye anaanza upya. Dawa zinapita muda wake kwenye rafu ilhali kituo cha jirani hakina hata kidonge. Mzazi aliyeacha shamba siku nzima hulipa gharama ya upotevu huo, ingawa haiandikwi kwenye risiti.

UTARATIBU HUU ULIKOTOKA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha magari cha Toyota huko Japani hakikuwa na mali ya kuchezea. Mmoja wa wakuu wake, Taiichi Ohno, aliwafundisha watu kutafuta upotevu kwa macho yao wenyewe. Inasimuliwa kwamba alichora duara sakafuni kwa chaki, akamsimamisha mtu ndani yake, akamwambia atazame kazi mpaka aone kasoro. Hakumpa jibu. Wasomaji wa wilaya ya Maswa, ambako vijana wametengeneza chaki, wataona kwamba somo kubwa linaweza kuanza na kitu kidogo.

Toka viwandani utaratibu huo ulihamia hospitalini. Hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, iliutumia kuanzia mwaka 2000. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Japani la JICA, iliuanzisha katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Baadaye mafunzo yakaenea katika hospitali za mikoa. Hatua zake tano zilipewa majina ya Kiswahili yanayoanza na herufi S:

1. Sasambua: tenga vinavyohitajika na visivyohitajika, kisha ondoa visivyohitajika.
2. Seti: kila kitu kiwe na mahali pake, kiweze kuonekana na kufikiwa upesi.
3. Safisha: usafi uwe kazi ya kila siku, si ya siku ya mgeni.
4. Sanifisha: wote wafuate utaratibu mmoja, hata zamu inapobadilika.
5. Shikilia: msirudi nyuma.

Waliozoea kazi hii watakuambia kwamba hatua ya tano ndiyo ngumu kuliko zote. Vibandiko hubandikwa wiki ya kwanza, na baada ya miezi michache vinabanduka. Ndiyo maana anahitajika mwezeshaji.

KUJIPIMA NI NINI?

Tangu mwaka 2015 serikali imekuwa ikipima zahanati na vituo vya afya na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Katika upimaji wa kwanza, kama theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Upimaji huo ulikuwa wa lazima na ulifumbua macho. Lakini mkaguzi anayetoka nje huja siku moja na kuondoka. Wanaobaki na kasoro ni wafanyakazi na wagonjwa.

Kujipima ni jambo jingine. Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walitoa chombo cha kujipima kwa mashirika yanayotaka kufanya kazi bila upotevu. Kilikuwa na mambo 54, na kila jambo lilipewa alama kuanzia 1 hadi 5. Kilitengenezwa kwa ajili ya viwanda vya ndege, lakini busara yake inatufaa hata sisi: kwa kila jambo unaandika alama mbili, ya pale ulipo leo na ya pale unapotaka kufika. Nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili ndiyo kazi yenu.

MWEZESHAJI HUFUNDISHWA NINI?

Mwezeshaji si mkaguzi, si bosi, wala si mhubiri. Anaweza kuwa muuguzi, tabibu au katibu wa hospitali. Haitoshi kumweka darasani siku chache na kumpa cheti. Kwanza ajifunze, kisha afuatane na aliyemtangulia hadi kwenye kituo chenyewe, kisha aongoze yeye huku akitazamwa, na mwisho aende peke yake. Anayopaswa kuyaweza ni haya:

Kutembea kabla ya kukaa. Awachukue wafanyakazi wafuate njia ya mgonjwa, toka getini hadi dirisha la dawa, wakihesabu dakika na hatua.

Kumfanya kila mtu aandike alama yake peke yake kwanza. Mganga mkuu akisema "sisi tuko kwenye nne", nani atathubutu kusema mbili? Mfanya usafi na mlinzi waandike pia, maana wao huona mambo ambayo daktari hayaoni.

Kutumia tofauti za alama. Mkuu akiandika 4 na muuguzi wa zamu ya usiku akaandika 1, mwezeshaji asitafute wastani. Aulize: "Mwenzetu ameona nini usiku?" Mara nyingi ufunguo uliopotea utapatikana hapo.

Kunyamaza. Baada ya kuuliza, avumilie kimya. Akiwapa jibu yeye, litakuwa lake, naye akiondoka ataondoka nalo.

Kulinda heshima ya watu. Swali liwe "utaratibu wetu una kasoro gani?", lisiwe "nani amekosa?" Watu wakiogopa kuadhibiwa, watatia maji kwenye pamba. Alama zitakuwa nzito na wagonjwa wataendelea kuteseka.

Kumaliza na machache. Yachaguliwe mambo mawili au matatu, kila moja liwe na mtu wa kulisimamia na tarehe. Naye mwezeshaji arudi siku aliyoahidi.

FAMILIA ZIFANYE NINI?

Kwanza, vituo vya afya vya serikali vina kamati zenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Ukichaguliwa, usiende kukaa tu. Uliza kama kituo kimejipima na wamekubaliana kurekebisha nini.

Pili, ukiona kasoro, iseme kwa adabu na kwa ukweli: siku gani, saa ngapi, ulingoje kwa muda gani. Maneno ya namna hiyo humsaidia mwezeshaji kuliko lawama za jumla.

Tatu, muuguzi anayekiri kwamba chumba chake kina kasoro asisemwe sokoni. Mkimwaibisha, kesho atanyamaza, na atakayeumia ni mtoto wenu.

Nne, anzeni nyumbani. Sasambueni sanduku la dawa. Dawa zilizopita muda wake zisitumiwe, pelekeni kwenye zahanati mkaulize namna ya kuziteketeza. Zilizobaki ziwekwe mbali na watoto. Kadi za kliniki ziwe mahali pamoja, ili hata usiku wa dharura zipatikane mara moja.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata kituo cha afya kinaweza kuficha maradhi yake. Sisi Wakristo tumefundishwa kuchunguza dhamiri kabla ya kuungama, kwa kuwa asiyeona kosa lake hawezi kutengeneza. Tuwaombee wanaotuhudumia wawe na moyo huo wa ukweli. Tuwaombee pia wapate mwezeshaji aliyefundwa vizuri, ili dawa ya yule mama iwe karibu saa anapoihitaji.