Msee wa welding, bomba halisamehe kama geti

Ukishuka Kegonga, kule Kuria Mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, sikiliza tu mlio wa grinda utafika kwenye banda la welding. Kijana wa miaka ishirini na kitu anaunga geti la mtu. Geti likiachia baada ya mwaka, mwenyewe analirudisha, fundi anapiga rodi mbili, mambo yameisha.

Bomba la mafuta halina huruma hiyo. Na kama wewe unashika rodi, au unafikiria kuishika kwa sababu chuo hakikuenda kama ilivyopangwa (tuko wengi, usijali), tofauti ya welding hizo mbili inakuhusu.

Tuanze na mutura. Ikizidiwa na moto pale kwa jiko, inapasuka kwa urefu, haikatiki katikati. Bomba ni hivyo hivyo. Presha ya ndani inavuta ukuta kuzunguka bomba mara mbili ya inavyouvuta kuelekea ncha zake. Kwa hiyo mshono mrefu wa kiwandani, ule unaofunga bati likawa bomba, ndio unaobeba mzigo mkubwa wa presha. Mshono wa kuzunguka, ule wa kuunga bomba kwa bomba porini, unapata nafuu kidogo, hadi siku udongo uteleze au mto ule ukingo. Bomba likipinda, mshono huo ndio unajaribiwa.

Sasa kwa nini chuma kipasuke penye welding? Sababu kubwa ni joto. Pembeni mwa mshono kuna ukanda mwembamba ambao haukuyeyuka, lakini ulipata moto mkali kisha ukapoa haraka. Ukanda huo unaweza kuwa mgumu kupita kiasi, na ugumu si uimara. Kikombe cha udongo ni kigumu kuliko sufuria, lakini vikianguka vyote viwili unajua kipi kitazolewa na ufagio.

Ongeza unyevu hapo. Rodi iliyolala sakafuni msimu wa mvua inabeba maji. Moto unayavunja, hidrojeni inaingia ndani ya chuma, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya fundi kwenda nyumbani. Ndiyo maana kwenye kazi kubwa rodi maalum zinakaa ndani ya oveni, bomba linapashwa moto kabla ya kuungwa, na kwa vyuma vingine mkaguzi anasubiri hata saa 48 ndipo apime.

Na usidharau ufa mdogo. Jaribu kupasua pakiti ya maziwa kwa kuivuta tu, utahangaika. Iume kidogo ukingoni, inafunguka yote. Nguvu zinakusanyika kwenye ncha ya ule mkato. Kwa bomba, kila presha inapopanda na kushuka, ufa unaweza kusogea kidogo. Ukifika urefu fulani haungoji tena, unakimbia.

Utakimbia umbali gani? Inategemea kilichomo ndani. Mafuta yakipata mwanya presha inashuka haraka, na mara nyingi ufa unasimama. Gesi inaendelea kutanuka na kusukuma. Mwaka 1960, huko Marekani, bomba la gesi la Trans-Western lilipasuka kwa takriban kilomita 13. Mpasuko mmoja huo, mura.

Hapa kwetu mambo hayako mbali. Bomba la kwanza la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, la inchi 14, lilianza kazi 1978. Mei 2015 lilivuja Thange, Makueni, likachafua mto ambao watu walitegemea. Bomba jipya la inchi 20 lilianza kulirithi 2018. Na asubuhi ya Septemba 12, 2011, petroli ilivuja ikaingia kwenye mtaro uliopita mtaa wa Sinai, Nairobi. Watu walikimbia na mitungi kuchota, moto ukawaka, takriban watu 100 wakafa. Kosa lililotajwa halikuwa la mshono, ilikuwa vali iliyoshindwa na presha. Lakini aliyeungua hakujua hiyo tofauti. Ukiwahi kusikia harufu ya petroli mtaani, usibebe mtungi. Ondoka, zima sigara, piga simu.

Kwa fundi, hapa ndipo kuna riziki. Bomba la EACOP, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Vipande vyake ni vya mita 18 hivi. Piga hesabu: ni mishono karibu 80,000, na kila mmoja lazima upimwe, kwa eksirei au kwa mawimbi ya sauti. Kisha bomba linajazwa maji kwa presha kubwa kuliko ya kazi. Maji yanatumika kwa sababu mshono ukiachia, utamwagikiwa tu, hautalipuka.

Nani anapewa rodi hapo? Mtu aliyefaulu mtihani. Ule unaoogopwa zaidi unaitwa 6G: bomba limelazwa nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unalizunguka, unaunga juu, ubavuni na chini, kisha kazi yako inakatwa na kukunjwa ionekane kama kuna ufa.

Huwezi kuruka kutoka geti hadi 6G kwa siku moja. Lakini NITA ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na fundi aliyejifunzia juani anaweza kuifanya. Anza na hilo. Anza pia na kitu cha bure leo leo: weka rodi zako pakavu, safisha kutu kabla ya kuunga, na ukimaliza usikimbilie kupaka rangi. Toa maganda, utazame mshono wako vizuri, kwa sababu mkaguzi wa bomba atautazama hadi ndani.